Bluu ya Utaridi: kisa cha vibonde vilivyoanza kuonekana kama rangi

Mwishoni mwa Septemba 2011 jarida la Science lilichapisha kwa mpigo makala kadhaa za matokeo ya mwanzo ya MESSENGER, chombo cha Marekani kilichokuwa kimeingia kwenye mzunguko wa sayari ya Utaridi Machi mwaka ule. Makala iliyoongozwa na David Blewett, wa Maabara ya Fizikia Tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ndiyo iliyovuta macho ya wengi. Ilihusu sakafu za kreta, yaani mashimo makubwa yaliyochimbwa na vimondo, na vilima vinavyosimama katikati ya kreta hizo, zilizojaa mabaka ya bluu angavu, mengine yakiwa na duara la wangavu uliokaribia weupe. Ukiisogelea picha, kila baka linafumuka na kuwa kundi la mashimo mafupi yaliyobanana, sakafu zake bapa, kingo zake hazikuinuka hata kidogo. Hapa nitayaita vibonde.

Picha za aina hiyo zimesafiri sana tangu wakati huo, na mara nyingi zimesafiri bila maelezo yake. Anayekutana nazo kwenye kundi la WhatsApp anauliza jambo moja, na ana haki ya kuliuliza: hayo ni maji? Si maji. Mchana wa Utaridi joto hufika nyuzi 430 hivi za Selsiasi. Ukimwongezea kwamba hata bluu yenyewe haipo, kwamba mtu mwenye macho ya kawaida akiitazama sayari ile kutoka angani angeona kahawia iliyochanganyika na kijivu, anahisi ametapeliwa. Hajatapeliwa. Lakini hawezi kuamini hivyo kwa kuambiwa tu. Inabidi aone picha ilivyotengenezwa tangu namba ya kwanza.

Madoa ya Mariner 10

Vibonde vilipigwa picha mara ya kwanza na Mariner 10, chombo cha Marekani kilichopita karibu na Utaridi mara tatu, kati ya Machi 1974 na Machi 1975. Hesabu za mizunguko zilikuwa na kikwazo chake: chombo kilirudi kila baada ya siku 176 za Dunia, na siku hizo 176 ndizo urefu wa siku moja ya Utaridi, macheo hadi macheo. Kwa hiyo kila kilipofika kilikuta jua limewaka upande uleule. Karibu asilimia 45 tu ya sayari ndiyo iliyopigwa picha, na nyingi ya picha hizo zilikuwa za mbali.

Ndani ya kreta kadhaa, Tyagaraja ikiwa mojawapo, kulionekana madoa meupe. Mwaka 1977 Daniel Dzurisin aliyaandikia makala akijiuliza kama ni miamba iliyobadilika kikemia. Swali lilikuwa zuri, ila hakukuwa na cha kulijibia. Doa lilikuwa pikseli chache zenye wangavu zaidi ya jirani zao, basi, na pikseli ikiwa nyeupe inaweza kuwa imesababishwa na mambo mengi: mwamba wa aina nyingine, vumbi changa lililorushwa na kimondo, au mteremko tu ulioelekea jua.

Mwaka 1997 Mark Robinson na Paul Lucey walizirudia data zilezile za Mariner 10, wakasahihisha upya vipimo vya kamera yake, na wakaonyesha kwamba kulikuwa na tofauti halisi za rangi kati ya eneo na eneo. Kazi hiyo haikutatua swali la madoa, lakini ilithibitisha kwamba Utaridi ukiupima vizuri si wa rangi moja. MESSENGER ilipopita mara ya kwanza tarehe 14 Januari 2008, tayari watu walijua la kutafuta. Madoa yakatokea tena, safari hii yakiwa na sifa ya pili: hayakuwa meupe tu, yalikuwa pia na bluu zaidi kuliko mwamba ulioyazunguka.

Neno la kushika hapo ni "zaidi kuliko". Nitalirudia kwa namba muda si mrefu.

Kamera mbili na pembe mbili za jua

MESSENGER ilibeba kamera mbili zilizofungwa kwenye jukwaa moja linalozunguka. Ya kwanza ina lenzi finyu, inaona nyuzi 1.5 tu za upana, na haina rangi kabisa. Kazi yake ni kuchora maumbo. Ya pili ina lenzi pana ya nyuzi 10.5, na mbele ya kitambuzi chake kuna gurudumu lenye nafasi 12: vichujio 11 vya rangi, vinavyoanzia mawimbi ya nanomita 430, ambayo jicho linayaona kama bluu, hadi kupita kidogo nanomita 1,000, ambako jicho halioni kitu, na kimoja cheupe kwa ajili ya kutafuta njia kwa kutumia nyota. Kila kitambuzi kilikuwa na pikseli 1,024 kwa 1,024. Simu ya bei ya chini leo inazipita mbali kwa idadi ya pikseli, ila simu hiyo haina namna ya kutofautisha nanomita 900 na 950, wala haijui kipimo cha mwanga iliouona kwa uhakika wa asilimia chache.

Kamera ilibanwa na masharti mengi. Chombo kilipaswa kuuelekeza mwavuli wake wa kitambaa cha kauri kwenye jua muda wote, la sivyo vifaa vingeungua. Kwa hiyo kamera ndiyo iliyogeuka, chombo hakikuweza kugeuka ovyo. Mzunguko nao ulikuwa mrefu upande mmoja: kilomita 200 hivi juu ya maeneo ya kaskazini, na zaidi ya kilomita 15,000 kikiwa upande wa kusini. Hii ndiyo sababu picha nzuri za vibonde ni za kaskazini kuliko kusini. Mtu akikuonyesha ramani ya mahali vibonde vilipo, kumbuka hilo kwanza kabla ya kuanza kutafuta siri ya kijiolojia ndani yake.

Halafu kuna jua. Ukitaka kuona umbo, unapiga picha jua likiwa chini, asubuhi au jioni ya pale, kivuli kirefu kikuonyeshe kila tuta. Ukitaka kupima rangi unahitaji kinyume chake, jua la utosini, kwa sababu kivuli hakina rangi ya kupimwa. Eneo moja kwa hiyo lilipigwa picha mara mbili au zaidi, kwa nyakati tofauti, na ramani mbili tofauti zikatengenezwa. Ramani ya umbo ilifikia mita 166 kwa pikseli. Ya rangi nane, iliyoenea sayari nzima, iliishia mita 665 kwa pikseli. Baadaye ikaongezwa ya rangi tatu, mita 332, kwa sehemu kubwa ya kaskazini. Picha ya bluu uliyoiona huenda ni ndoa ya hizo mbili: ukali wa mistari umetoka kwenye kamera isiyo na rangi, rangi imetoka kwenye kamera yenye lenzi pana, na zimelazwa moja juu ya nyingine.

Kutoka namba hadi rangi

Tuchukue pikseli tatu. Namba zifuatazo nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane, si vipimo vya mahali fulani, ila ukubwa wake hauko mbali na ulivyo Utaridi, sayari ambayo ni nyeusi kuliko wengi wanavyodhani.

Pikseli ya kwanza ni uwanda wa kawaida. Katika kichujio cha nanomita 430 inaakisi 0.04 ya mwanga unaoipata. Katika kichujio cha nanomita 1,000 inaakisi 0.08. Pikseli ya pili ni mteremko wa mwamba uleule, ila umeelekea jua, kwa hiyo unapokea mwanga zaidi: 0.06 na 0.12. Pikseli ya tatu ni kibonde: 0.07 na 0.12.

Ukitazama picha ya nanomita 1,000 peke yake, mteremko na kibonde vinafanana kabisa. Vyote ni 0.12, vyote ni doa jeupe. Huko ndiko Mariner 10 ilikowaacha watu. Sasa gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Uwanda unatoa 0.50. Mteremko nao unatoa 0.50, kwa sababu jua limezidisha pande zote mbili sawasawa na ugawanyaji umelifuta. Kibonde kinatoa 0.58. Tofauti imebaki, na haiwezi kusingiziwa pembe ya jua. Kuna kitu pale kwenye mwamba wenyewe.

Sasa itazame ile 0.58 kwa makini. Ingekuwa kibonde ni bluu kweli, namba hiyo ingepita 1, yaani kingeakisi mwanga wa bluu kuliko ule usioonekana wa upande mwekundu. Hakifiki huko. Kibonde kinaelemea upande mwekundu kama sayari yote ilivyo, isipokuwa kinaelemea kidogo chini ya jirani zake. Bluu ya picha ni jina la upungufu huo wa wekundu.

Kinachofuata ni kunyoosha. Namba zote za uwiano katika eneo zima zimejibana kati ya, tuseme, 0.48 na 0.60. Kioo cha kompyuta kinapokea ngazi kuanzia 0 hadi 255. Ukizipeleka zilivyo, jicho haliambui kitu, ukiifanya 0.48 iwe 0 na 0.60 iwe 255, tofauti ndogo inakuwa pengo la wazi. Hakuna namba iliyobuniwa, mpangilio wa nani yuko juu ya nani haukuguswa, lakini ukubwa wa tofauti unaouona kwa macho umechaguliwa na mtu.

Timu ya MESSENGER haikuishia kwenye uwiano mmoja. Kwa ile ramani maarufu, ambayo filamu yake ya sayari ikizunguka ilisambaa mapema mwaka 2013, walichukua vichujio vinane vya ile ramani ya sayari nzima na kuvipitisha kwenye hesabu ya takwimu inayotenganisha kinachobadilika pamoja na kinachobadilika peke yake. Tunda la kwanza la hesabu hiyo ni wangavu wa jumla, kwa kuwa mahali penye mwanga katika kichujio kimoja huwa na mwanga katika vyote. Tunda la pili ni kile kinachosalia baada ya wangavu kuondolewa, na humo ndimo aina za miamba zinapoanza kuachana. La pili likawekwa kwenye njia nyekundu ya kioo, la kwanza kwenye njia ya kijani, na uwiano wa 430 kwa 1,000 kwenye njia ya bluu. Kwa maneno mengine, nyekundu ya ramani ile haiwakilishi mwanga mwekundu, na kijani haiwakilishi mwanga wa kijani. Ni vipimo vitatu vilivyoazima rangi tatu kwa sababu kioo hakina njia nyingine ya kuonyesha vitu vitatu kwa wakati mmoja.

Kuna mapishi ya wastani zaidi: weka nanomita 1,000 kwenye nyekundu, 750 kwenye kijani, 430 kwenye bluu, nyoosha kidogo. Vibonde vinatokea hapo vikiwa kijivu cheupe chenye kibluu cha mbali. Na ukichukua 630, 560 na 480, zinazokaribia jicho la binadamu, utapata sayari ya kahawia iliyofifia ambayo ungeipita bila kugeuka. Picha hizo tatu zimetoka kwenye data ileile. Ningependa kila anayechapisha ya kwanza aiweke na ya tatu pembeni yake. Ingezima nusu ya ubishi.

Mahali inapoweza kuharibika

Vichujio havipigwi pamoja. Gurudumu linageuka, picha inapigwa, linageuka tena, na wakati wote huo chombo kinakimbia. Picha nane za mahali pamoja kwa hiyo zimetazamwa kutoka sehemu nane tofauti kidogo, na lazima zikunjwe mpaka kila pikseli ikae juu ya mwenzake. Zikikosea kwa nusu pikseli tu, ukingo wa kila kreta unaota uzi mwekundu upande mmoja na uzi wa bluu upande wa pili. Ukiona bluu iliyoshika ukingo mmoja tu, na nyekundu imeshika ule wa mkabala, usiandike ugunduzi. Bluu ya vibonde haifanyi hivyo. Inajaa sakafu na kumwagika nje kwa pande zote.

Pembe ya mwanga nayo huleta vurugu: uso wa Utaridi huzidi kuwa mwekundu kadiri pembe kati ya jua na kamera inavyopanuka. Kila picha ikasahihishwa ionekane kana kwamba jua na kamera vilikaa mahali palepale kwa zote, lakini usahihishaji huo ni wa kukadiria, na ndiyo maana ramani za mwanzo zilikuwa na mishono inayoonekana wazi.

Tukio lililowasumbua zaidi lilitokea mwaka 2011 wenyewe, muda mfupi baada ya kuingia mzunguko. Kitu fulani kiligandamana kwenye vioo vya kamera yenye vichujio na kupunguza mwanga unaopita, na hakikupunguza sawa kwa kila kichujio. Fikiria maana yake. Ugunduzi mzima unasimama juu ya tofauti ya asilimia chache kati ya kichujio na kichujio, na sasa kamera yenyewe inaleta tofauti ya aina hiyohiyo, inayobadilika siku hadi siku kadiri uchafu ule unavyopungua. Dawa ilikuwa kulinganisha picha za maeneo yaleyale yaliyopigwa kabla na baada, kisha kutengeneza jedwali la masahihisho linalotegemea tarehe. Atakayepakua data za kipindi kile leo kutoka kwenye hifadhi ya wazi ya NASA akatumia faili zisizosahihishwa atapata rangi nzuri sana za uchafu.

Je, vibonde vingeweza kuwa uchafu ule? Hapana, na sababu ni rahisi: vilishaonekana kuwa na bluu mwaka 2008, kabla ya tukio, na katika picha moja pikseli za kibonde na za jirani yake zilipita kwenye kioo kilekile kichafu. Tofauti kati yao ndani ya picha moja ilibaki pale pale.

Kilichomaliza ubishi hakikuwa rangi

Nikiwa mkweli, hapa ndipo nadhani kisa hiki husimuliwa kichwa chini. Watu husema rangi ilivumbua vibonde. Rangi ilichofanya ni kuonyesha pa kwenda. Katika ramani ileile iliyonyooshwa, bluu inamaanisha zaidi ya kitu kimoja. Miale ya vumbi changa inayotoka kwenye kreta mpya, kama ile ya Hokusai inayokatiza sehemu kubwa ya sayari, ni ya bluu hafifu. Mwamba mweusi kuliko yote, ambao wengi sasa wanauhusisha na grafiti (kaboni ya aina iliyomo kwenye penseli) baada ya vipimo vya nyutroni vilivyotangazwa mwaka 2016, ni wa bluu iliyoiva. Vibonde navyo ni bluu angavu. Ukiwa na rangi peke yake huwezi kuapa kwamba umeona kipi.

Ilipobidi, ile kamera isiyo na rangi ndiyo iliyoelekezwa kwenye orodha ya madoa: Raditladi, Tyagaraja, Sander, Kertész, de Graft. Katika kreta ya Raditladi, picha za mita kumi na kitu kwa pikseli zilionyesha kwamba kinachong'aa kwenye duara la vilima vya ndani si rangi iliyomwagika juu ya mwamba. Ni mwamba wenyewe uliobomoka na kubaki na mashimo. Upana wake ni kuanzia makumi ya mita hadi kilomita kadhaa. Kina kilichopimwa baadaye kwa urefu wa vivuli kilikuwa karibu mita 24 kwa wastani. Na sakafuni mwake hakuna kreta ndogondogo zilizorundikana. Katika sayari iliyopigwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka, uso usio na makovu ni uso wa juzi, kwa kipimo cha miamba.

(Mtajo wa de Graft haukuja bure. Kreta za Utaridi hupewa majina ya wasanii na waandishi, na huyu ni Joe de Graft, mwandishi wa tamthilia kutoka Ghana, aliyefundisha Nairobi miaka ya 1970. Iko pia Kulthum, kwa heshima ya Umm Kulthum, jina ambalo wapenzi wa taarabu Unguja hawahitaji kuelezwa.)

Umbo likishajulikana, rangi ilipata maana. Hakuna upepo Utaridi, hakuna maji ya kubeba udongo, wala kingo za vibonde hazionyeshi lava iliyofoka. Kilichobaki ni kwamba kitu fulani ndani ya mwamba kinapotea chenyewe kikifikiwa na joto na mnururisho wa jua, kwa namna vidonge vya dawa ya nondo vinavyoisha kabatini bila kuacha maji: kinatoka hali ya yabisi moja kwa moja kwenda hewani, na mwamba uliokuwa umeshikiliwa nacho unaporomoka. Ukuta unarudi nyuma, sakafu inapanuka. Vipimo vya eksirei vya chombo hichohicho vilikuwa vimeonyesha kwamba uso wa Utaridi una salfa nyingi mno, inayofika karibu asilimia 4 ya uzito, na salfaidi, yaani madini yenye salfa iliyoungana na metali, zikawa mtuhumiwa wa kwanza. Baadaye grafiti nayo ikaingia kwenye orodha, kwa kuwa vibonde hupenda sana ule mwamba mweusi. Blewett na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba ukuta wa kibonde unarudi nyuma sentimita moja kwa kila miaka 10,000 hivi. Mandhari inayofanana nayo kwa umbo iko Mirihi, kwenye kofia ya barafu ya kusini, ambako kaboni dioksidi iliyoganda inageuka gesi na kuacha mashimo bapa. Lakini huko ni barafu inayoondoka, Utaridi ni mwamba.

Rangi inayopima na rangi inayopamba

Sina ugomvi na timu ya MESSENGER. Maelezo waliyoambatanisha na picha zao yalitaja vichujio na njia za kioo zilikowekwa. Kinachoharibu ni mkono wa pili, unaokata maelezo na kuacha picha. Na kuna sababu ya kulichukulia hili kwa uzito kuliko kulalamika juu ya mapambo.

Chukua picha za Zuhura kutoka chombo cha Magellan, zile za rangi ya chungwa iliyokolea ambazo kila kitabu cha shule kimezibeba. Magellan haikupiga picha za mwanga kabisa. Ilitumia rada, kwa sababu mawingu ya Zuhura hayapenyeki. Rada inapima ukali wa mwangwi. Chungwa ile iliongezwa baadaye, kwa kufuata rangi zilizoonekana na vyombo vya Kisovyeti, Venera 13 na Venera 14, vilivyotua mwaka 1982. Ukifuta chungwa yote kwenye picha ya Magellan hujapoteza kipimo hata kimoja. Pikseli mbili zenye mwangwi sawa zina chungwa sawa. Ukifuta bluu ya Utaridi umepoteza kile kile kilichotenganisha kibonde na mteremko.

Picha hizo mbili zikiwekwa ukutani pamoja, mtazamaji hana njia ya kujua ipi ni ipi. Zote zinavutia, zote "zimepakwa rangi", na ile ya Zuhura ndiyo inayoonekana ya kweli zaidi kwa kuwa sayari ya moto tunaitegemea iwe na rangi ya moto. Kwa hiyo swali la "hii ni rangi halisi?" halimsaidii sana mtu. Linalomsaidia ni hili: nikibadilisha pikseli hii iwe na rangi ya jirani yake, ni kipimo gani nitakuwa nimekidanganya? Kwa Zuhura jibu ni hakuna. Kwa kibonde cha Tyagaraja jibu ni uwiano wa 430 kwa 1,000, na nyuma yake kuna dai kuhusu salfa, grafiti na umri wa uso.

MESSENGER iliishiwa fueli na kuanguka Utaridi tarehe 30 Aprili 2015, baada ya kutuma zaidi ya picha 250,000. Mwisho wa safari ilishuka chini kiasi cha kupata picha za vibonde kwa mita chache kwa pikseli, karibu zote za kaskazini. Zamu inayofuata ni ya BepiColombo ya Ulaya na Japani, iliyorushwa Oktoba 2018 na kupangwa kuingia mzunguko Novemba 2026. Haitegemewi kuona ukuta wowote uliosogea. Muda ni mdogo mno kwa kasi ile. Inachobeba ambacho MESSENGER haikuwa nacho ni kipimo cha mnururisho wa joto unaotoka kwenye miamba, kwenye mawimbi ya maikromita 7 hadi 14, ambako madini mengi huacha alama zake yenyewe, salfaidi zikiwamo. Na mzunguko wake hautaipendelea kaskazini, kwa hiyo vibonde vya kusini vitapata picha za karibu kwa mara ya kwanza.